Hofu ya Siku ya Kupimwa



Iko hofu moja ambayo watu huificha kuliko hofu nyingine zote. Siyo hofu ya chui msituni, wala ya mto Kongo ukijaa maji. Ni hofu ya kusimama mbele ya mwenye mamlaka, kuulizwa, kutazamwa, na mwisho kuambiwa: umefaa, au: hujafaa bado. Mtoto wa shule anaijua hofu hiyo asubuhi ya mtihani. Bibi arusi anaijua siku anapopika kwa mara ya kwanza mbele ya mama mkwe wake. Nanyi pia mnaijua, maana mnafahamu ya kuwa kabla ya Ubatizo Padri atawaita mmoja mmoja, atawauliza juu ya imani yenu, na juu ya mwenendo wenu nyumbani na kijijini.

Kila mwaka wapo wanaoshindwa na hofu hiyo. Wamefuata mafundisho tangu mwanzo, wamevumilia mvua na jua, wamejifunza sala. Lakini Kwaresima inapokaribia hawaonekani tena. Ukiwauliza habari, mmoja atasema shamba lina kazi nyingi. Mwingine atasema mguu unamwuma. Sababu ya kweli hawaitaji: wanaogopa kuulizwa na kukosa jibu mbele ya watu. Basi mtu ametembea safari ndefu, ameuona mlango wa nyumba ya Baba, naye anageuka nyuma kwa kuwa anaogopa kubisha. Hasara gani ipitayo hiyo? Kwa hiyo yafaa tuseme juu ya hofu hii waziwazi, tujue ni nini, na tuishinde kwa njia gani.

I. Hofu si dhambi

Kwanza mjue jambo hili: kuogopa peke yake si dhambi. Mungu ametuumba na roho na mwili, na mwili una kazi zake. Mtu anapoona hatari mbele yake, moyo hupiga mbio, kinywa hukauka, viganja hutoka jasho, na pumzi huwa fupi. Hayo hayangoji ruhusa yetu. Mwili unajiweka tayari kukimbia au kupigana, hata kama hatari yenyewe ni karatasi ya maswali tu.

Wazee waliokuwa katika mji wa Kisangani tangu tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni ya mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigana humo kwa siku sita, wanakumbuka jinsi walivyotetemeka na watoto wao ndani ya nyumba. Nani atathubutu kusema ya kwamba walikosa kwa kutetemeka?

Tazameni pia watumishi wa Mungu. Musa alipotumwa kwa Farao alijitetea, akasema ulimi wake ni mzito. Soma kitabu cha Kutoka, sura ya 4. Mungu hakumtupa. Alimpa Haruni ndugu yake awe msaidizi wake. Yeremia naye alisema yeye ni kijana mdogo, hajui kusema. Mungu akakigusa kinywa chake.

Lakini mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa Bwana wetu Yezu Kristu mwenyewe. Katika bustani ya Getsemani, usiku ule kabla ya mateso, alishikwa na uchungu na huzuni kubwa. Mwinjili Luka, katika sura ya 22, anatuambia ya kuwa jasho lake lilidondoka kama matone ya damu. Naye hakuwa na dhambi hata moja. Basi kama Mwana wa Mungu alionja hofu katika mwili wake, sisi tusione haya kwa kuwa mikono yetu inatetemeka.

Ila tuangalie vizuri alifanya nini. Hakukimbia. Hakuidanganya nafsi yake kwa kusema hapana neno. Alipiga magoti akasali, akamwambia Baba yake yaliyomo moyoni. Aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Kisha alisimama, akaenda mwenyewe kuwapokea wale waliokuja kumkamata. Hofu ilikuwapo, lakini haikutawala. Dhambi huingia pale tunapoipa hofu utawala, ikatutuma kuacha wajibu wetu, au kusema uongo, au kutafuta msaada kwa Shetani.

II. Mfano wa kijana na pikipiki

Ili kulielewa jambo hili, tutwae mfano katika mambo tunayoyaona kila siku.

Mnajua jinsi watu wanavyosafiri huku kwetu. Katika miaka ya 1990 vijana wa Kisangani walianza kuwachukua watu juu ya baiskeli, nazo baiskeli hizo zikaitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya tupite. Baadaye zikaja pikipiki nyingi, na leo ndizo zinazowachukua watu na mizigo, mjini na katika njia za Buta, za Ituri na za Opala. Mama mjamzito anapelekwa hospitali juu ya pikipiki. Mwalimu anakwenda shuleni kwa pikipiki. Hata mafuta matakatifu na hostia hufika kijijini kwa pikipiki.

Basi tuseme yuko kijana mmoja mkatekumeni, wa kijiji kimoja cha njia ya Buta, ng'ambo ya daraja la Tshopo. Amepata njia ya kununua pikipiki kidogo kidogo, naye ataka kuchukua abiria. Lakini sheria ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978 yadai kila mwendeshaji awe na kibali, yaani permi. Kwa hiyo yampasa kijana apimwe: kwanza juu ya alama za barabara, kisha juu ya kuendesha.

Rafiki yake alimfundisha katika uwanja wa mpira. Alimwonyesha ya kuwa mkono wa kuume ndio unaoongeza mwendo, na mkono huohuo hukamata breki ya gurudumu la mbele. Mguu wa kuume unakanyaga breki ya nyuma. Mkono wa kushoto hukata nguvu ya mashine wakati mguu wa kushoto unapobadili mwendo. Alimfundisha pia alama: umbo la pembe tatu lenye ukingo mwekundu laonya hatari, duara lenye ukingo mwekundu lakataza, duara la buluu laamuru, na alama nyekundu yenye pembe nane yataka mtu asimame kabisa. Tena alimkumbusha ya kuwa katika Kongo vyombo vyote hupita upande wa kuume wa njia.

Kijana alijifunza vema. Lakini siku ya kupimwa ilipokaribia, usingizi ulimtoka. Ndipo sauti tatu zikamjia, na kila moja ilikuwa na sura ya urafiki.

Sauti ya kwanza ilisema: Kwa nini unajisumbua? Toa fedha, upate karatasi bila kupimwa. Kijana alifikiri. Ni kweli karatasi hununuliwa, lakini ufundi haununuliwi. Je, karatasi itakanyaga breki mtoto anapokatiza njia mbele yake? Karatasi itajua kushuka mlima wenye utelezi wakati mama mgonjwa yuko nyuma yake? Amri ya 5 ya Mungu inatukataza kuua. Nayo haisemi juu ya panga na bunduki tu. Anayechukua maisha ya watu mgongoni mwake bila kujua kazi yake, amekwisha anza kuivunja amri hiyo hata kabla ya ajali kutokea.

Soma tena Matendo ya Mitume, sura ya 8. Mna watu wawili katika sura hiyohiyo moja. Wa kwanza ni Simoni mchawi wa Samaria, aliyewaletea Mitume fedha ili apate uwezo wa kumpa mtu Roho Mtakatifu. Petro alimkemea vikali. Wa pili ni mkuu mmoja wa Ethiopia, aliyekuwa safarini katika gari lake, akisoma kitabu cha nabii Isaya. Filipo alimwuliza kama anayafahamu anayoyasoma. Mtu yule, ingawa alikuwa mkubwa mwenye kutunza hazina ya malkia, hakuona haya kukiri ya kuwa ahitaji mtu wa kumwongoza. Alimpandisha Filipo karibu naye, akafundishwa, na walipofika penye maji kando ya njia akabatizwa, akaendelea na safari yake kwa furaha. Simoni alitaka kununua, akapata aibu. Mwethiopia alikiri kutokujua kwake, akapata wokovu.

Sauti ya pili ilisema: Nenda kwa mganga, akupe hirizi ya kufunga ulimi wa mpimaji. Hapa mkatekumeni ajihadhari sana. Siku ya Ubatizo ataulizwa mbele ya watu wote kama anamkataa Shetani na kazi zake zote na fahari zake zote. Atajibuje, naye amefunga uzi wa mganga kiunoni? Tena hirizi haiondoi hofu, huihamisha tu. Jana mtu aliogopa mpimaji. Leo anaogopa hirizi isipotee, na mganga asikasirike. Alikuwa na bwana mmoja wa hofu, sasa anao watatu.

Sauti ya tatu ilisema: Kunywa lotoko kidogo asubuhi, mikono itatulia. Lakini pombe haitulizi mikono; huifanya isijue ya kuwa inatetemeka. Mtu aliyekunywa huona njia pana kuliko ilivyo, na breki huikumbuka wakati umekwisha pita.

Kijana, kwa msaada wa Mungu, alizikataa sauti zote tatu. Alikwenda kupimwa mikono yake ikiwa mitupu. Katika maswali ya alama alijibu sawasawa. Kisha akaambiwa aendeshe polepole katikati ya mistari miwili, bila kugusa chini kwa mguu. Watu walisimama kutazama. Yeye aliukaza usukani kwa nguvu kama mtu ashikaye mti wakati wa mafuriko, akatazama gurudumu la mbele, akaona jiwe moja ubavuni mwa mstari, akaliogopa, akaenda palepale penye jiwe. Mguu ukagusa chini. Akaambiwa arudi siku nyingine.

Alirudi kijijini kwa haya kubwa. Akasema moyoni: Ikiwa nimeshindwa mbele ya mpimaji wa pikipiki, nitawezaje mbele ya Padri? Jumapili iliyofuata hakwenda katika mafundisho.

III. Mama mzee na mtungi wa maji

Katika kundi lao la wakatekumeni alikuwamo mama mmoja mzee. Hakujua kusoma. Kanuni ya Imani aliijifunza kwa kusikia tu, na kila mara alikwama alipofika katika maneno ya Ponsyo Pilato. Yeye naye alikuwa na hofu, hata zaidi ya kijana. Alipoona kijana hayupo, alichukua lituma kidogo katika majani, akaenda nyumbani kwake.

“Mwanangu, hodi.”

“Karibu, Mama. Keti.”

“Nimesikia ya kuwa ulianguka.”

“Sikuanguka, Mama. Mguu tu uligusa chini.”

“Basi ni vizuri zaidi. Ulitazama wapi mguu ulipogusa?”

Kijana alifikiri, kwa maana hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza hivyo. “Nilitazama jiwe, Mama. Niliogopa kuligonga.”

Mama mzee akacheka kwa upole. “Nilipokuwa mtoto, mama yangu alinitwika mtungi wa maji kwa mara ya kwanza. Njia ya kutoka mtoni ilikuwa na mizizi mingi. Mimi nikawa natazama kila mzizi, na maji yakanimwagikia mpaka nikafika nyumbani na mtungi mtupu. Mama yangu hakunipiga. Aliniambia: miguu inaijua njia, wewe tazama mlango wa nyumba. Nami tangu siku ile sikumwaga tena, ila kidogo.”

“Lakini Mama, mbona wewe mwenyewe unamwogopa Padri?”

“Namwogopa, mwanangu. Usiku nalala, naamka, Ponsyo Pilato yuko mbele yangu kama ule mzizi. Ndiyo maana nimekuja. Wewe unajua kusoma. Unisaidie kwa Pilato, nami nitakuombea kwa Mungu kwa ajili ya pikipiki yako.”

Tangu siku hiyo walifundishana. Jioni kijana alisema sehemu moja ya Kanuni ya Imani, na mama aliirudia, wakaunganisha na sehemu ya pili, mpaka mwisho. Asubuhi kijana alikwenda uwanjani kabla jua halijawa kali, akajizoeza kuendesha polepole. Aliulegeza mkono, akaigusa breki ya nyuma kidogo tu, akainua macho yake mpaka mwisho wa uwanja. Akaona ya kuwa pikipiki inakwenda pale macho yanapokwenda. Ukitazama shimo, utaingia shimoni. Ukitazama njia iliyo nzuri kando ya shimo, utapita.

Wapenzi, je, hamwoni ya kuwa haya yamo ndani ya Injili? Mateo, katika sura ya 14, anatupa habari za Petro. Usiku, katikati ya ziwa lenye mawimbi, Petro alimwona Bwana akitembea juu ya maji, akaomba ruhusa ya kumwendea. Akashuka chomboni, akatembea kweli. Upepo ulikuwa ukivuma tangu alipokuwa bado chomboni. Haukuanza wakati ule. Lakini alipouondolea Bwana macho yake na kuutazama upepo, ndipo alipoanza kuzama. Akalia aokolewe, na mara Yezu akanyosha mkono akamshika. Bwana hakumwacha azame ili apate fundisho. Alimshika kwanza, kisha akamwonya.

Mtu mwenye hofu hutazama aibu, hutazama macho ya watu, hutazama kosa alilolifanya mwaka jana. Basi huko ndiko aendako. Mwenye imani huona mawimbi yaleyale, walakini macho yake yako kwa Kristu.

Kijana alirudi kupimwa katikati ya Kwaresima. Msidhani ya kuwa hofu ilikuwa imekwisha. Moyo ulipiga mbio, viganja vilitoka jasho vilevile. Alivuta pumzi polepole, akafanya ishara ya msalaba, akatazama mbali. Safari hii mguu haukugusa chini.

IV. Kanisa halitupimi ili kututupa

Labda mtasema: Mambo ya pikipiki ni mepesi, mambo ya Mungu ni mazito. Ni kweli. Lakini ipo tofauti nyingine iliyo ya kutufurahisha. Mpimaji wa barabara anasimama kando, anatazama, anaandika. Kanisa halisimami kando. Ni Mama, naye anapomwuliza mtoto wake humshika mkono.

Tangu mwaka 1972, kufuata agizo la Mtaguso wa pili wa Vatikano, Kanisa limeirudisha desturi ya kale ya kuwaandaa watu wazima kwa hatua. Katika Jumapili ya 3, ya 4 na ya 5 ya Kwaresima, wateule, yaani wakatekumeni waliokwisha chaguliwa kwa Ubatizo, huitwa mbele kwa ibada za kuchunguzwa. Wengi wakisikia neno hilo, kuchunguzwa, hutetemeka. Kumbe katika ibada hizo hawaulizwi maswali ya kukumbuka. Wao huinama au kupiga magoti, na Wakristu wote huwaombea. Kisha Padri huomba Mungu awaokoe na nguvu za yule Mwovu, na huwawekea mikono. Injili zinazosomwa ni tatu: ya mwanamke Msamaria kisimani, ya kipofu tangu kuzaliwa, na ya Lazaro aliyefufuliwa. Katika zote tatu, Bwana ndiye anayetangulia kutoa: maji, mwanga, uzima.

Tena wakatekumeni hupakwa mafuta yaliyobarikiwa kwa ajili yao. Kwa nini mafuta? Kwa sababu zamani wapiganaji wa mchezo walijipaka mafuta kabla ya kushindana, ili viungo vyao viwe vyepesi na adui asiwashike kwa urahisi. Kanisa linajua ya kuwa mna vita na mna hofu; ndiyo maana linawapa nguvu kabla ya vita, wala halingoji mshinde kwanza.

Na siku ya Jumamosi Takatifu, mahali desturi hii inaposhikwa, wateule huirudisha Kanuni ya Imani waliyokabidhiwa: huisema mbele ya Wakristu. Siku hiyohiyo Padri huweza kugusa masikio yao na midomo yao, kama Bwana alivyomfanyia yule bubu-kiziwi, ili wasikie neno la Mungu na waikiri imani. Midomo inayoogopa kusema huguswa na Kanisa lenyewe.

Katika mfano wetu, mama mzee alisimama Jumamosi hiyo pamoja na wenzake. Alifika kwa Ponsyo Pilato, akakwama. Kanisa lote likanyamaza. Padri hakumkatiza, wala hakumsaidia kwa haraka, alingoja. Mama akainua macho yake kwenye msalaba ulioko juu ya altare, akarudi nyuma maneno machache, akaanza tena, akapita, akafika mpaka uzima wa milele. Sauti yake haikuwa kubwa. Lakini usiku ule alibatizwa, na kijana aliyemfundisha alibatizwa baada yake.

V. Ushujaa hauzaliwi kwa saa moja

Katika nchi yetu tunaye dada wa kutuongoza. Mwenye heri Maria Klementina Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba mwaka 1939, akawa mtawa katika Shirika la Jamaa Takatifu, huko Bafwabaka, akaweka nadhiri zake mwaka 1959. Alifundisha watoto wa shule. Mwaka 1964, wakati wa vita vya waasi, yeye na masista wenzake walichukuliwa mpaka Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba aliuawa, kwa kuwa alikataa kuivunja nadhiri ya usafi wa moyo aliyompa Mungu. Naye alimsamehe aliyemwua. Mfukoni alikuwa amechukua sanamu ndogo ya Bikira Maria. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa mwenye heri tarehe 15 Agosti 1985 mjini Kinshasa.

Anuarite hakupewa miezi ya kujiandaa kwa usiku ule. Lakini alikuwa amejiandaa tangu miaka mitano bila kujua siku: kwa sala ya kila asubuhi, kwa kazi ya kila siku iliyofanywa vema, kwa nadhiri iliyoshikwa katika mambo madogo. Saa ya kupimwa ilipofika, moyo wake ulikwenda kule ulikozoea kutazama.

Wavuvi wa Kigenia nao watufundishe. Katika maporomoko ya mto hapo Kisangani husimamisha miti mikubwa ndani ya maji makali na kufunga mitego yao. Mtoto wao hatupwi ndani ya maporomoko siku ya kwanza. Huenda na baba yake, hushika kamba, hujifunza mahali pa kukanyaga, leo kidogo, kesho kidogo. Maji hayapungui ukali. Ni mtoto anayezoea.

Basi yashikeni mashauri haya. Jifunzeni kila siku kidogo, msingoje siku ya mwisho. Jifunzeni wawili wawili, anayejua kusoma na asiyejua, maana Bwana aliwatuma wafuasi wake wawili wawili. Usiku wa mwisho laleni mapema baada ya sala; asubuhi kuleni kidogo, mfike kabla ya saa. Hofu ikija, vuteni pumzi polepole, na kwa kila pumzi litajeni jina la Yezu. Mkiulizwa jambo msilolijua, semeni kweli ya kuwa hamlijui; Padri humpenda anayekiri kutokujua kuliko anayebuni. Na mkiambiwa mngoje bado, msikimbie. Anayewangojesha anawapenda, kama baba asiyempa mwanawe pikipiki kabla hajajua kuisimamisha.

Maswali na majibu ya kukumbuka

Je, kuogopa ni dhambi?
Hapana. Dhambi ni kuiacha hofu itupeleke mbali na wajibu wetu na mbali na Mungu.

Bwana wetu alifanya nini alipokuwa na uchungu Getsemani?
Alisali, aliwaita rafiki zake wakeshe naye, kisha alisimama akatimiza mapenzi ya Baba.

Kwa nini Petro alianza kuzama?
Kwa sababu aliacha kumtazama Yezu, akautazama upepo.

Kwa nini mkatekumeni hawezi kutumia hirizi wala rushwa?
Kwa sababu neema ya Mungu haiuzwi, na anayemkataa Shetani kwa kinywa asimtumikie kwa siri.

Nia ya juma hili: kila mkatekumeni amtafute mwenzake mmoja aliyeacha kuja kwa hofu, asimkaripie, bali amsaidie kujifunza sehemu moja ya Kanuni ya Imani.

Tuombe: Ee Bwana Yezu, wewe uliyeonja hofu katika bustani, usituache peke yetu siku ya kupimwa. Ushike mkono wetu kama ulivyoushika mkono wa Petro. Utufundishe kukutazama wewe, siku hii na siku ile ya mwisho, utakapotuhukumu. Mama Maria, Mwenye heri Anuarite, mtuombee. Amina.